Mfereji Nyuma ya Chumba cha Mama Kandida

Mbinga, Jumapili mchana

Otilia mwanangu,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako. Imekuja kwa sababu nina jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu Januari. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa bado bwenini, ukaniambia matroni anataka simu yake, nikakuuliza kama unakula vizuri, basi. Mara ya pili ulikuwa Lundo kwa mama yako, na pale kwetu unajua simu inashika ukisimama karibu na lile jiwe la kufulia tu, wanawake wote wanasikiliza. Mara ya tatu ni jana tulipokuwa tunafunga begi lako. Nikasema, "Otilia." Ukasema, "Naam baba." Nikasema, "Zipu hii ina matatizo."

Zipu haina matatizo.

Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nimekaa mlangoni na daftari lako la jiografia la zamani, naandika kwenye kurasa za nyuma ulizoziacha. Naandika kidogo, nasimama, nazunguka nyumba, narudi. Menasi, yule fundi cherehani wetu, ameniangalia nikipita mara ya nne akaniuliza kama tumbo linaendesha. Nikamwambia naandika barua. Akasema, "Basi ni yale yale."

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala kuweka nauli mahali pawili, wala marafiki wa kuepuka. Hayo mama yako ameyasema kwenye simu, na usipa, wale dagaa wa ziwa letu, aliokutumia nadhani ameufunga pamoja na maneno mengine humo humo. Mimi nakuandikia kwa sababu kesho unakwenda Mtwara, chuo chenu hakina bweni la kutosha, na utapanga chumba kwa mara ya kwanza. Mimi nimepanga vyumba miaka kumi na tisa. Mtu angedhani nina mengi ya kukufundisha. Nilicho nacho ni kosa moja, na kesho saa nne asubuhi, wewe ukiwa umeshaipita Songea, kosa hilo litasomwa kwa sauti mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Nianze mwanzo, maana mengine yalitokea haupo, na mengine unayajua kwa namna nilivyokueleza. Nilikueleza vibaya.

Nyumba hii unaijua. Vyumba vinne huku, vinne kule, ua katikati, choo kimoja. Tofali za kuchoma, lakini zimeunganishwa kwa udongo, na upande wa juu mteremko unakuja mpaka ukutani. Tulipohamia ukiwa darasa la sita, msingi wa upande huo ulikuwa umeshaanza kuonekana, mawe yako nje kama meno. Mvua ikinyesha maji yalishuka, yakagonga ukuta, yakapenya, yakapita chini ya vitanda. Unakumbuka tulivyokuwa tunapandisha magodoro juu ya meza. Mdogo wako Rojasi alikohoa masika mazima, na ndipo mama yako akasema, "Gaspari, mimi sizai watoto nikawalaze kwenye tope." Akamchukua, akarudi naye Lundo kwa bibi yako. Watu huuliza kwa nini tunaishi mbalimbali kama watu walioachana. Ni ukuta tu. Tumetenganishwa na ukuta wa mtu mwingine.

Tulimwambia mwenye nyumba. Alikuja na viatu vyake vyeupe, akachagua mahali pakavu pa kusimama, akasema, "Poleni sana wapangaji wangu. Fundi yuko njiani." Mwaka uliofuata akasema hivyo hivyo. Mara ya tatu, alipochungulia tu uani, Menasi akaita kutoka kwenye cherehani yake, "Jamani, Fundi Yuko Njiani amefika," na jina likamkaa mpaka leo. Mwenyewe alicheka. Ni mtu wa kucheka, na hilo ndilo lililotuchelewesha. Ni kazi kugombana na mtu anayekushika bega na kukuuliza mtoto anaendeleaje na masomo. Unarudi chumbani umefurahi, ukifika ndani unakanyaga maji.

Aliyefanya kitu ni Mama Kandida. Wewe kila Jumamosi ulikaa chini kati ya magoti yake akikusuka, lakini sidhani kama uliwahi kumuuliza kwa nini mjane kutoka kijiji cha Ukata, mwenye asili ya shamba, anakaa chumba cha nane kwenye nyumba ya kupanga. Mumewe alipofariki, mashemeji walichukua kahawa yote, wakamwachia jembe. Akaja nalo mjini. Akamwomba mwenye nyumba kile kipande cha mteremko nyuma ya vyumba vyetu alime maharage, naye akamkubalia huku akicheka.

Akafyeka majani, akayalaza chini kwa mistari inayokatana, kama dirisha la nondo. Kisha katikati ya kila kijumba cha dirisha akachimba shimo, na udongo wake akaufunika juu ya majani. Ngoro, kama wanavyolima Wamatengo wote huku juu. Mimi nilisimama na sahani yangu ya ugali nikimtazama.

"Mama Kandida, unazika nani?"

"Nakuzika wewe na usipa wako."

"Maana naona makaburi ya maharage."

"Subiri mvua, mtu wa ziwani. Ndipo uje ucheke."

Mvua ikaja. Maji yakashuka, yakaingia kwenye shimo la kwanza, yakakaa. Lilipojaa yakamwagikia la pili taratibu, nalo likayashika. Yalipofika ukutani hayakuwa maji tena, ulikuwa unyevu tu. Misimu mitatu tulilala pakavu, na maharage tukala. Mwenye nyumba hata kusema fundi yuko njiani akaacha. Kazi yake ilikuwa inafanywa na mjane mwenye jembe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ni ajabu.

Nimetoka kidogo, nimerudi. Upepo unapeperusha lile turubai la chumba chake, na kila likipiga nadhani mtu ananiita.

Lazima nikueleze ule mfereji niliouchimba nyuma ya chumba chake ulitoka wapi, si kwa kujitetea. Lundo udongo wetu ni mchanga. Maji yakisimama shambani, unachimba mfereji mmoja mnyoofu kuelekea ziwani, na kufikia jioni unapanda muhogo. Babu yako alikuwa fundi wa mifereji hiyo. Nilipoacha shule darasa la sita nilichimba naye miaka mingi, nikawa najua kwa kutazama tu maji yatapita wapi. Ni kitu kimoja maishani nilichojua kuliko wenzangu. Halafu nikaja huku kutafuta kazi, nikawa kuli wa ghala la kahawa. Kuli anabeba gunia kutoka kwenye gari mpaka kwenye mizani, na kutoka kwenye mizani mpaka kwenye rundo. Anaambiwa weka hapa, anaweka. Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyeniuliza, "Gaspari, wewe unaonaje?"

Mwaka jana, wakati kama huu, mwenye nyumba akaniuliza.

Aliniita pembeni. Alitaka kujenga vyumba vingine vinne kwenye ule mteremko, na kabla ya kuleta mawe alitaka pasawazishwe. Akasema amenitazama muda mrefu, anaona mimi ni mtu mzima, anataka niwe msimamizi wa nyumba. Nitahamia chumba cha mbele, hiki, chenye sakafu ya saruji na dari na dirisha la kioo. "Binti yako yuko kidato cha sita," akasema. "Akija likizo anasomea wapi, kwenye vumbi?"

Nilimjibu nitafikiri. Sikufikiri. Nilikwenda moja kwa moja kukitazama chumba. Nilipiga goti nikapitisha kiganja kwenye sakafu kama mtu anayempapasa ng'ombe wa kununua.

Uliporudi Disemba ulivua viatu mlangoni, ukaingia kwa vidole, ukasema, "Baba, na sisi tumekuwa watu." Usijilaumu kwa neno hilo. Ulikuwa na haki ya kufurahi. Mimi ndiye niliyejua kilichotolewa ili uvue viatu.

Jumamosi moja ya Novemba nilipanda na jembe nikafukia mashimo ya Mama Kandida yote. Nilichagua siku ambayo yuko sokoni. Aliporudi alikuta mteremko umekuwa laini kama uwanja wa mpira. Akatua beseni lake chini.

"Nani amekutuma?"

"Mwenye eneo lake."

"Na maji?"

"Maji nimeyatengenezea njia."

Nikamwonyesha. Na hapa ndipo penyewe, Otilia. Mwenye nyumba aliniambia sawazisha. Hakuniambia neno lolote kuhusu mfereji. Mfereji niliutoa kichwani mwangu: mmoja, mnyoofu, kutoka juu kabisa, ukipita kwenye kona ya chumba cha nane na kutokea barabarani. Ulikuwa mzuri. Kuta zake nilizipiga na bapa la jembe mpaka zikang'aa. Babu yako angeusifu.

Mama Kandida aliingia ndani ya mfereji, akaokota udongo, akaukanda kwa vidole.

"Baba Otilia, huu si mchanga wenu. Maji ya huku ukiyapa njia iliyonyooka yanashuka na njia yenyewe. Ukunje basi. Weka hata mawe ya kuyapunguza."

"Mama Kandida, mimi nimezaliwa kwenye maji."

"Amezaliwa kwenye maji yaliyokaa," akasema Menasi bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Haya ya kwetu yanatembea."

Watu wakacheka. Nikachukua jembe langu nikaondoka. Nimejiuliza mara nyingi kama wasingecheka ningeweka yale mawe. Lakini nikijiuliza hivyo naona natafuta tena mtu wa kumbebesha.

Januari ulikuwa umesharudi shuleni. Siku ile nilikuwa ghalani, mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani. Menasi alikuja mbio, kifua wazi, futi ya kupimia bado iko shingoni. Sikumuuliza. Nilitua gunia mahali nilipokuwa, tukakimbia wote.

Mfereji wangu ulikuwa umefika kiunoni kwa kina. Ulikula chini mpaka kwenye mawe ya msingi, yale yaliyokuwa nje miaka yote, ukayang'oa moja moja. Ukuta ukaangukia ndani. Mama Kandida alikuwa amekaa sakafuni akichambua maharage. Tuliondoa tofali kwa mikono. Hakulia. Aliniuliza, "Baba Otilia, mguu wangu uko wapi, mbona siusikii?" Ulikuwa umevunjika mahali pawili chini ya goti. Tulimtoa juu ya ubao wa kitanda.

Wewe nilikuambia mvua imeangusha ukuta. Ndivyo nilivyosema, mvua, kama vile mvua ilikuja peke yake.

Siku ya tatu mwenye nyumba akaja. Safari hiyo alivaa mabuti, na hakucheka. Akakaa kwenye kitanda chako, akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Naikumbuka karibu yote. Mimi, msimamizi wa nyumba, nathibitisha kwamba mpangaji wa chumba namba nane alichimba mashimo mengi nyuma ya nyumba karibu na ukuta, na kwamba ukuta wa chumba hicho umeanguka wakati wa mvua.

"Kuna uongo hapo?" akaniuliza.

Nasoma polepole lakini nasoma. Niliirudia mara mbili. Hapakuwa na uongo. Mashimo alichimba, ukuta umeanguka. Karatasi haikusema kwamba mashimo yalifukiwa miezi miwili kabla, wala nani aliyafukia, wala kwamba msingi ulikuwa nje tangu ukiwa darasa la sita.

"Unaweza kutaka tuandike yote," akasema. "Sawa. Tutaandika na mfereji. Mfereji nilikuagiza mimi?"

Nikasaini.

Huko uendako utapewa karatasi nyingi: ya chumba, ya chuo, ya kazi. Sikuambii usome kila neno, utasoma tu, umesoma kuliko ukoo mzima. Mimi nilikuwa nadhani uongo ni kitu utakachokiona kimeandikwa. Siku ile nilijifunza kutazama kilichorukwa, na nilijifunza nikiwa nimeshashika kalamu. Tena kilichorukwa nilikijua vizuri. Kilikuwa kosa langu mwenyewe, na yeye alilishika pale kama mtu anavyoshika mbuzi sikio, akanipeleka alikotaka.

Tangu wakati huo chumba cha nane kina kuta tatu na turubai. Mwezi wa sita, baridi ya hapa ilipokuwa kali, nilikuwa namletea magunia matupu kutoka ghalani ajaze pale penye upepo. Kila mara alinishukuru. Anatembea na fimbo, kukaanga maandazi ya kuuza sokoni ameacha kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu, na sasa mwenye nyumba anamtaka atoke kabla ya mvua ili abomoe upande ule ajenge anavyotaka. Anasema aliyebomoa ukuta hawezi kudai ajengewe.

Ndipo wapangaji wote tukapeleka malalamiko kwa mwenyekiti. Tunataka ukuta ujengwe kwa msingi wa saruji upande wote wa juu, na Mama Kandida asitolewe. Mwenye nyumba akajibu kwamba ana shahidi kwa maandishi. Hakumtaja jina.

Ijumaa, wapangaji tulipokutana uani, ulikuwepo, ulikuwa unamenya ndizi pale pembeni. Ulisikia walivyobahatisha huyo shahidi ni nani. Menasi akasema ni yule kijana mwalimu aliyehama mwezi wa tatu. "Alikuwa ananisalimia sana," akasema. "Mtu akikusalimia sana ana kitu." Wakamchambua mtu asiyekuwepo mpaka chai ikapoa, na mimi nikanyamaza nikanywa. Kisha wakauliza nani atasema kwa niaba yetu. Mama Kandida akasema, "Baba Otilia. Yeye ndiye aliyekuwa anapewa maagizo, atayasema yote." Nikakuona unanitazama. Ulifurahi. Ndizi ilibaki mkononi.

Siwezi kukaa tangu wakati ule. Nimepiga hesabu zote. Naweza kwenda nikasema habari za msingi na miaka ya fundi kuwa njiani, na karatasi ikisomwa nishike kichwa niseme nililazimishwa. Watanionea huruma. Jana nilikuuliza kama ungependa nikusindikize mpaka Songea, ukanishika mkono ukasema, "Kweli baba?" Sasa unajua kwa nini niliuliza. Nilitaka niwe kwenye basi saa nne. Na nikisema yote pamoja na mfereji, mwenye nyumba atasimama aseme, mmesikia, mwenzenu mwenyewe ndiye aliyeangusha, daianeni huko huko. Huenda mdomo wangu ukawapotezea wote. Chumba hiki kitakwenda kwa vyovyote. Ukija likizo sijui utanikuta mlango gani.

Nimesimama.

Nimerudi. Kalamu niliiacha juu ya kizingiti, kuku wameipitia.

Nimekwenda kwa Mama Kandida. Alikuwa nje ya turubai, na ungo wa maharage mapajani. Sikukaa. Nilimwambia mfereji ulikuwa wangu, sikuagizwa.

"Nilijua," akasema. "Yule hajawahi kushika jembe, mfereji ataujulia wapi? Ule ulikuwa wa mtu anayependa kazi yake. Nilikusamehe siku ile ile, maana ulikuwa unalia kuliko mimi niliyevunjika."

"Kuna lingine."

Nikamwambia habari za karatasi niliyoisaini. Akaniomba nirudie. Nikarudia na maneno yake yote, sikuruka. Aliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa nzuri pamoja na mbovu.

"Yale magunia," akasema baadaye, "ulikuwa unaniletea kwa sababu ya hiyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nayapokea kama ya jirani."

Kati ya yote yaliyotokea, mguu, ukuta, hilo ndilo lililonipiga, kwamba hata wema nilioufanya nimemnyang'anya.

Akapepeta ungo mara mbili. Kisha akasema, "Kesho utayasema mwenyewe au niyaseme mimi?"

"Nitasema. Lakini mfereji utatuponza."

"Mwenyekiti ni mtu wa kwetu Ukata. Amechimba ngoro tangu hajaota meno ya utu uzima. Akisomewa kwamba mashimo yameangusha ukuta, anaweza kuamini kama hakuna anayemwambia yalifukiwa. Mwambie yalifukiwa, nani alisema yafukiwe, na wewe ukachimba nini. Mengine atayaona mwenyewe akija kutazama yale mawe. Kama wa kulipa ni ninyi wawili, mtalipa wawili. Wewe una mikono."

"Sawa, mama."

"Mtoto anajua?"

"Namwandikia. Nitaificha kwenye begi aisome njiani."

Hapo ndipo alipokasirika hasa. Kwenye mguu hakukasirika hivyo. "Aisomee Tunduru? Alie katikati ya watu asiowajua, na wewe uko hapa unakula ugali? Mpe mkononi, Gaspari. Akutazame." Miaka yote hii hajawahi kuniita Gaspari.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi. Basi la kesho utapanda peke yako, na saa nne nitakuwa ofisi ya mtaa. Ukipata nafasi usinipigie kuniuliza imekuwaje. Nitakupigia mimi, kwa vyovyote itakavyokuwa, na sitakuuliza kama unakula vizuri.

Sijui nikuambie nini zaidi kuhusu kupanga. Nikikumbuka wenye nyumba wote niliopitia, sidhani kama huyu ni mbaya kuliko wengine. Aligundua tu kwamba akimpa mmoja wetu sakafu ya saruji, vyumba saba vitabaki na maji yao. Kitakuja chumba cha mbele na huko pia. Labda hakitakuwa chumba, kitakuwa cheo, au mtu kukuuliza maoni yako wakati umekaa miaka bila kuulizwa. Utakitaka. Sikukatazi kukitaka. Zunguka tu nyuma ya nyumba kwanza, utazame maji yatakwenda kwa nani.

Nimeisoma barua hii mara tatu kabla ya kuisaini, na sijaruka kitu.

Jua bado liko juu ya bati la Menasi. Mama Kandida ametoa kigoda chake, amekaa kule juu kwenye mteremko, ananionyesha kwa fimbo pa kuanzia. Si msimu wake, udongo umekuwa mgumu kama tofali, na majani ya kulaza hakuna. Amesema tuchimbe hivyo hivyo, tuanze juu ya mfereji kabla mawingu hayajafika. Majembe yako mawili, langu na lake, na yeye kwa mguu ule hawezi kulima. Ukimaliza kusoma, ukitaka kunitazama, njoo unitazame. Ukitaka kunisema, nisemee pale pale mbele yake. Na kama hutakuja, nitalisikia lile jembe la pili likikaa kimya, nitajua, na asubuhi nitakubebea begi mpaka stendi vilevile.

Baba yako,
Gaspari